Siga unaiwasha na moto gani? Njiti, gesi au ule moto wa bluu

Kuna kitu kinaniuma kila nikikiona. Mtu kanunua siga ya maana, ile biri nene ya majani matupu sio sigara ya pakiti, kakaa zake baharini na marafiki, halafu anaiwasha kama mtu anayewahi daladala, moto unagusa jani, anavuta kwa nguvu, upande mmoja umeungua mwingine bado mbichi, na baada ya dakika tano anasema siga chungu. Siga haikuwa chungu, moto ndo umeiharibu.

Elewa kwanza unawasha nini. Sigara ya kawaida ina karatasi yenye dawa ya kuisaidia iungue, na ni nyembamba, kama milimita 8 tu. Siga haina karatasi. Ni majani ya ndani, jani la kuyafunga na jani la nje lile zuri unaloliona, na robusto moja, ile siga fupi nene, ina unene wa kama milimita 20. Kwa hiyo uso wa kuwasha ni mpana, hauwezi kushika wote kwa mara moja, utahitaji nusu dakika mpaka dakika nzima hivi. Hapo ndo unajua moto unaoutaka, usiwe na harufu, udumu, na uweze kuuongoza kwa mkono.

Mimi nilijifunza hayo kwa jamaa yangu aliyesomea udaktari Cuba. Aliporudi alikuja na boksi la siga, tukakaa barazani kwao Upanga jioni, akanipa moja, nami nikatoa laita yangu ya petroli, zile za chuma zenye kifuniko, nikawasha nikavuta. Mafunda matatu ya kwanza yalikuwa na ladha ya jenereta kabisa, na haikutoka mpaka nimefika katikati. Dokta hakunisema, akachukua ya kwake, akachana kipande cha ubao mwembamba kama karatasi uliokuwa ndani ya boksi, akauwasha kwa njiti, akawa anaupitisha taratibu chini ya siga huku anaizungusha kwa vidole, hata kinywani hajaiweka. Pale barazani ikawa inanukia mbao mpya, kama uko karakana ya fundi seremala. Toka siku hiyo laita ya petroli siisogezi karibu na siga. Petroli ile ina harufu yake na tumbaku inanyonya harufu haraka sana, basi. Mshumaa nao ni hivyo hivyo, nta inapanda na moshi, uache ukae mezani kwa ajili ya mwanga.

Sasa kitu ambacho watu hawaamini: ile laita ya plastiki ya dukani kwa Mangi ni bora kuliko laita ya petroli ya bei mbaya. Ndani yake kuna gesi ya butane na ikiwaka haiachi ladha. Shida yake ni kwamba moto ni mdogo, unawasha robusto mpaka chuma cha juu kinakuunguza dole gumba, na ukiiinamisha sana moto unarudi kwenye vidole. Ila kama ndo uliyonayo itumie, pumzika kila baada ya sekunde kumi, rudia. Hakuna aibu.

Njiti za kiberiti ni nzuri mno kama umekaa ndani au sehemu isiyo na upepo. Kosa la wengi ni kuisogeza njiti kwenye siga ikiwa ndo kwanza inalipuka. Kile kichwa kina salfa na dawa nyingine, kiache kiishe kwanza, hesabu moja mbili tatu, ukiona moto umetulia umeshika kijiti chenyewe ndo usogeze. Njiti zetu fupi haziwahi kumaliza kazi, kwa hiyo washa mbili kwa pamoja, na uwe na nyingine mbili tayari mkononi. Ukipata zile ndefu za kuwashia siga, kama sentimita 8 hadi 10, chukua. Na masika usiache kiberiti dirishani, kitapata unyevu na utamaliza boksi zima unakwangua tu.

Ule ubao wa Dokta unatokana na mti ambao wataalamu wanauita Cedrela odorata, kwetu unaitwa mwerezi japo sio ule wa Lebanoni, ukoo wake ni wa mikangazi. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi, na ndo mbao wanayotengenezea maboksi ya siga. Cha ajabu ni kwamba huo mti upo huku huku kwetu, ulipandwa Usambara na Morogoro, na pale msitu wa Kimboza umesambaa mpaka unahesabiwa mti vamizi unaobana miti ya asili. Kwa hiyo ukinunua siga yenye kile kijiubao usikitupe, kichane vipande vyembamba kama nusu sentimita, washa kwa njiti, halafu huo moto ndo uwashie siga. Kwangu hakuna moto mtamu kuliko huu. Ila unataka utulivu na sehemu isiyo na upepo, feni zima.

Na hapo ndo tunafika kwenye laita ya moto wa bluu, ule unaotoka kwa mlio kama jiko la kuchomelea. Ukiwa Coco Beach au Forodhani mwezi wa saba, kusi inavuma, njiti utamaliza zote hujawasha kitu. Hapo moto wa bluu hauna mpinzani, upepo hauuzimi. Lakini ni mkali sana, unapita nyuzi 1,000, kwa hiyo ukiugusisha jani kwa sekunde mbili tu unalifanya mkaa na uchungu wake utakufuata. Shika mbali, sentimita 3 au 4, tumia ile ncha tu ya moto. Na tafadhali sana msiichezee chini ya makuti. Paa la makuti mwezi wa pili limekauka kama kiberiti chenyewe, toka nje, washa, ndo urudi.

Watu wa Nairobi au Njombe mna shida yenu nyingine. Nairobi iko mita 1,700 na kitu juu ya usawa wa bahari, Njombe karibu 2,000, hewa ni nyepesi, na laita ya moto wa bluu iliyokuwa inawaka vizuri Mombasa inaweza kugoma kabisa, inatoa mlio wa gesi tu bila moto. Sio mbovu. Cheza na kile kiskrubu cha chini cha kuongeza na kupunguza gesi mpaka ishike, na siku zote beba kiberiti. Ukiwa unasafiri kwa ndege usiibebe, ya moto wa bluu hairuhusiwi hata kwenye begi la chini.

Kujaza gesi pia watu wanakosea. Kabla ya kujaza toa hewa iliyobaki, geuza laita, bonyeza ile valvu kwa bisibisi ndogo mpaka mlio wa gesi ukome, halafu punguza moto mpaka mwisho, kopo la gesi liwe juu kichwa chini, bonyeza sekunde chache. Iache dakika tano ndo uwashe. Usifanye hivyo karibu na jiko, na laita usiiache kwenye gari lililopaki juani.

Haya, kuwasha kwenyewe. Kata kile kikofia cha kichwani, upande wa kuweka mdomoni, kidogo tu, kama milimita 2, ukizidisha jani litafunguka lote. Shika siga kwa kuilaza kidogo, mguu wake, yaani ile ncha ya kuwashia, uangalie chini, moto uwe chini yake bila kuigusa, zungusha taratibu. Utaona ukingo unakuwa mweusi, halafu majivu membamba, na moshi mdogo unapanda wenyewe. Hapo sasa iweke mdomoni, moto ukiwa bado karibu, vuta kidogo kidogo huku unazungusha. Moshi usiumeze, siga ni ya kinywani. Kisha igeuze uupulizie mguu, wekundu unatakiwa uenee sawa kama kaa lililoshika vizuri. Ukiona kona nyeusi, ipelekee moto hiyo kona peke yake.

Kama ukiwasha na bado inazima zima, moto hauna kosa, siga ina unyevu mwingi. Huku pwani ndo ugonjwa wetu mkubwa. Siga inapenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70, hewa ya Dar mara nyingi imepita hapo, na siga iliyokaa wazi inavimba na kuwa laini kama mkate. Iweke siku mbili tatu kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na kile kipakiti cha kurekebisha unyevu cha 65, utaona tofauti yenyewe.

Ikiungua upande, usihangaike, geuza ule upande uliobaki nyuma uwe chini, mara nyingi unajirekebisha. Ikizima kabisa, gonga majivu, pulizia nje kupitia siga mara moja kutoa moshi uliolala ndani, halafu choma mguu upya kama mwanzo. Yakishapita masaa mawili imezima mimi siiwashi tena, inakuwa na ladha ya masizi. Na ukiridhika usiisage kwenye kisahani kama sigara, itanuka chumba kizima mpaka kesho. Ilaze tu, itazima yenyewe.