Plastiki zinazochezea homoni: jinsi ya kuzipunguza jikoni hatua kwa hatua

Napika chakula cha oda hapa Dar, wateja wangu wengi ni kina dada wa maofisini na kila siku naulizwa hili la plastiki na kansa ya titi, basi leo naliandika lote.

Kuna kemikali kama BPA, inayotumika kutengeneza plastiki ngumu, zikishaingia mwilini zinajifanya estrojeni, ile homoni ya kike, na estrojeni ndo inayoamrisha seli za titi zikue. Hii tabia ya BPA imejulikana tangu 1936! Halafu mwishoni mwa miaka ya 80 kule Boston, Marekani, watafiti Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikuwa wanaotesha seli za kansa ya titi, wakashangaa zinazaliana hata zile ambazo hazijapewa estrojeni, kumbe tyubu za plastiki ndo zinatoa kemikali nyingine ya aina hiyo, nonylphenol. Ila hiyo ni maabara, kwa binadamu ushahidi bado haujafunga kesi, na umri, ukoo, pombe na unene vinajulikana zaidi kuongeza hatari, so usitupe vyombo vyote leo ukapata presha bure.

Hatua 1: Geuza chombo, soma namba kwenye pembetatu, ndo inaonyesha aina ya plastiki. 3, 6 na 7 toa kwenye chakula. 2 na 5 zina nafuu, kwa vitu vya baridi. Yale madumu makubwa ya dispensa mengi ni 7, usinunue yaliyoanikwa juani nje ya duka.

Hatua 2: Hapa ndo penyewe, moto na mafuta. Plastiki ikipata joto inaachia zaidi, na mafuta yanazivuta hizo kemikali. Wale wa kufunika wali kwa nailoni uivie mvuke, acheni, weka jani la mgomba au mfuniko mzito upalie mkaa juu, wali unatoka vizuri tu. Supu ya moto kwenye mfuko hapana. Hotipoti chukua ya ndani chuma, na maikrowevu tumia bakuli la glasi au udongo hata kama kontena limeandikwa linafaa.

Hatua 3: Usidanganyike na "haina BPA". Wengi wameweka BPS, ndugu yake yuleyule, nayo inaiga estrojeni. Ulaya walitoa BPA kwenye chupa za watoto 2011, na Desemba 2024 wakapitisha kuipiga marufuku kwenye vyombo vya chakula kwa ujumla, pamoja na ule utando wa ndani ya makopo.

Hatua 4: Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi dukani. Karatasi ile inayochapwa kwa joto mara nyingi ina BPA au BPS, na mkono wenye losheni au sanitaiza unaifyonza zaidi. Kama we ni keshia nawa kabla ya kula.

Huna hela ya kubadili vyote? Anza na vyombo vya mjamzito, watoto na mabinti wanaovunja ungo, maana titi linapojengeka ndo linasikia homoni zaidi. Mimi ningeanza na chupa ya maziwa ya mtoto, ya glasi, alafu hotipoti mwisho wa mwezi.