Kupata fundi wa tanga Lamu

Ukihitaji fundi wa tanga Lamu, usiulize nani hodari, maana kila mtu atamtaja shemeji yake. Uliza tanga la mashua zinazofanya vizuri mashindanoni limeshonwa na nani. Katika vijiji vya Matondoni au Shela, manahodha watakujibu bila kusita.

Kisha omba uone kazi yake ya zamani, iliyokwisha kula jua na chumvi. Tanga jipya hupendeza hata likishonwa ovyo. Tazama pembeni, pale kitambaa kinaposhikana na kamba ya ukingo, na sehemu inayofungwa kwenye foromali, mti unaobeba tanga. Huko ndiko kunakoanza kuachia. Kwangua mshono kwa ukucha: uzi ukikatika, tanga zima lataka kushonwa upya, kiraka hakitasaidia. Kiraka chenyewe kifuate mkao wa nyuzi za kitambaa, la sivyo kitavuta upande.

Anayekutajia bei akiwa amesimama ufukweni, mshukuru uende zako. Wa kweli atataka foromali ishushwe, apapase henza, kamba nene ya kuipandishia, ndipo aseme.

Mpelekee kazi kabla kusi, upepo wa kutoka kusini, halijakaza. Juni na Julai vyombo vingi hupandishwa pwani, na foleni huwa ndefu.