Namna ya Kufundisha Kuunganishwa kwa Papua na New Guinea Baada ya Vita Kuu ya Pili

Mwalimu wa historia wa kidato cha tano au cha sita anayefanya kazi Mbeya, Iringa au Njombe anaweza kuifundisha mada ya kuunganishwa kwa Papua na New Guinea, ambazo leo ni nchi ya Papua New Guinea, kwa urahisi kuliko anavyodhani, kwa sababu wanafunzi wake wanaishi katika nchi iliyopita mikono ileile: ya Mjerumani, ya Shirikisho la Mataifa, kisha ya Umoja wa Mataifa. Ugumu wake ni kwamba wengi huifundisha kana kwamba mwaka 1949 nchi mbili zilifutwa na moja ikazaliwa. Sivyo ilivyokuwa. Somo zima lijengwe juu ya swali moja: ni nini kilichounganishwa, na ni nini kilichoachwa kama kilivyokuwa?

Anza na ramani, na uichore ubaoni mbele ya wanafunzi badala ya kuwaonyesha iliyokwisha kuchapwa. Chora kisiwa kikubwa kilichoko kaskazini mwa Australia, kisha ukikate katikati kwa mstari unaotoka kaskazini kwenda kusini. Nusu ya magharibi ilikuwa ya Waholanzi na ikaja kuwekwa chini ya Indonesia mwaka 1963. Waambie wanafunzi hivyo mara moja, kisha uiache, kwa kuwa haimo katika mada. Nusu ya mashariki uikate tena, safari hii kwa upana: kusini ni Papua, na kaskazini ni New Guinea pamoja na visiwa vya New Britain, New Ireland, Manus na Bougainville. Tumia chaki za rangi mbili na usiifute ramani hiyo mpaka kipindi kiishe.

Baada ya ramani, eleza mgawanyiko ulivyotokea. Mwezi Novemba 1884 Ujerumani ilipandisha bendera kaskazini na Uingereza ikapandisha yake kusini, na mwaka 1906 Australia ikakabidhiwa utawala wa Papua. Vita vilipozuka mwaka 1914, askari wa Australia waliteka sehemu ya Wajerumani, na Mkataba wa Versailles ukaivua Ujerumani makoloni yake yote. Hapa mwanafunzi wa Iringa yuko nyumbani, kwani kifungu cha 246 cha mkataba huohuo ndicho kilichodai kurudishwa kwa fuvu la Mtwa Mkwawa, lililofika Kalenga mwaka 1954. Ukipata nafasi ya kuwapeleka kwenye makumbusho ya Kalenga au ya Boma la Iringa, wapeleke kabla ya kipindi hiki, maana Versailles haitakuwa tena jina tupu kwao. Kisha waonyeshe tofauti: Tanganyika iliwekwa katika daraja B la dhamana ya Shirikisho la Mataifa, chini ya Uingereza, na New Guinea katika daraja C, chini ya Australia, ambalo lilimruhusu mdhamini kuitawala nchi kwa sheria zake kama sehemu ya ardhi yake.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini basi Australia, iliyoshika pande zote mbili, haikuziunganisha mapema. Swali hilo lipe muda wa kutosha. Kila upande ulikuwa na makao yake makuu, Port Moresby kusini na Rabaul kaskazini, pamoja na sheria zake na watumishi wake. Hubert Murray, aliyeitawala Papua tangu 1908 hadi alipofariki mwaka 1940, aliupinga muungano kwa sababu hakutaka namna yake ya kutawala imezwe na ile ya kaskazini. Tena palikuwa na fedha: dhahabu iliyogunduliwa Edie Creek mwaka 1926 iliifanya New Guinea kuwa na mapato mazuri kuliko Papua, na mwenye nacho hana haraka ya kuchanga na asiye nacho. Wanafunzi wa Chunya, ambako machimbo ya Lupa yalivuta watu katika miaka hiyohiyo, hawahitaji maelezo marefu kuhusu jinsi dhahabu inavyobadilisha hesabu za serikali.

Kilichovunja ukaidi huo ni vita. Rabaul, ambayo tayari ilikuwa imeharibiwa na volkano mwaka 1937, ilitekwa na Wajapani Januari 1942, na tawala zote mbili za kiraia zikasimama. Jeshi la Australia likaunda kitengo kimoja cha utawala, kilichojulikana kwa kifupi kama ANGAU, kikashughulikia Papua na New Guinea kwa pamoja. Vita vilipokwisha, kurudi kwenye ofisi mbili kungehitaji kujenga upya kile kilichobomoka, na sheria ya muda ya mwaka 1945 ikauweka utawala wa kiraia chini ya Mtawala mmoja, J. K. Murray, akiwa Port Moresby. (Watahadharishe wanafunzi: Murray huyu si ndugu wa yule wa kwanza, na wala hawakufanana kwa sera.)

Sasa fika kwenye kiini. Tarehe 13 Desemba 1946, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha mikataba minane ya udhamini, mfumo uliochukua nafasi ya ule wa dhamana, miongoni mwake wa Tanganyika na wa New Guinea. Yote miwili, katika kifungu cha 5, ilimruhusu mdhamini kuiingiza nchi katika muungano wa forodha, wa fedha au wa utawala pamoja na nchi nyingine alizozitawala. Waingereza waliitumia ruhusa hiyo kuiingiza Tanganyika, pamoja na Kenya na Uganda, chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki mwaka 1948. Australia ilikwenda mbali zaidi: Sheria ya Papua na New Guinea ya mwaka 1949 iliunganisha serikali yenyewe.

Hapa wape wanafunzi jedwali la safu mbili walijaze wenyewe. Katika safu ya kilichounganishwa wataandika Mtawala, utumishi wa serikali, Mahakama Kuu, na Baraza la Kutunga Sheria lililofunguliwa mwaka 1951 likiwa na wajumbe 29, ambao watatu tu kati yao walikuwa wenyeji. Katika safu ya pili wataandika kwamba Papua ilibaki mali ya Taji la Uingereza na New Guinea ikabaki nchi ya udhamini. Kwamba taarifa ya kila mwaka ya udhamini kwa Umoja wa Mataifa ilihusu New Guinea peke yake. Na kwamba sheria za zamani za kila upande ziliendelea kutumika hadi zilipobadilishwa.

Wengine wataiona safu ya pili kuwa ya makaratasi tu. Wakumbushe kwamba Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia nchi za udhamini, Machi 1955 kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mtu wa Rabaul alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko kwenye baraza hilo. Mtu wa Port Moresby, aliyetawaliwa na Mtawala yuleyule, hakuwa nayo.

Wanafunzi watakimbilia kulinganisha na Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Waruhusu kwa dakika chache, mradi waseme wazi kwamba ule wa 1964 ulifanywa na nchi mbili zilizokwisha kupata uhuru.

Kwa zoezi la mwisho, waulize: «Je, mpaka kati ya Papua na New Guinea uliondoka mwaka 1949?» Anayejibu ndiyo na kuishia kwenye sheria apewe alama za wastani. Zaidi apewe anayefika mwaka 1975, ambapo wanasiasa wa Papua walitangaza kujitenga mwezi Machi na wale wa Bougainville mwezi Septemba, wiki chache tu kabla ya uhuru wa Papua New Guinea wa tarehe 16 Septemba, kisha akaeleza ni kipi kati ya matangazo hayo mawili kilichofuata mpaka wa zamani na ni kipi kilichokuwa na mpaka wake mwingine.