Ngome ya Himeji kwa miguu: pumzikeni hapa

Jamani mnaoenda Japani, Himeji isiwachoshe bure. Toka stesheni mpaka ngomeni ni kama kilomita moja tu, barabara ya Otemae-dori imenyooka na ngome unaiona mbele yako njia nzima, sasa watu wanaikimbilia moja kwa moja, wakishaingia ule mnara mkuu ndo miguu inagoma, maana ngazi zake za mbao ni kali kweli kweli, karibu zisimame wima, viatu unavua unavibeba kwenye mfuko na nyuma yako kuna foleni inakusubiri usogee.

Kwa hiyo pumzika KABLA ya kupanda. Jua likiwa kali pitia Miyuki-dori, mtaa wa maduka wenye paa, uko sambamba na Otemae-dori upande wa mashariki. Ukishavuka daraja na geti la Otemon kuna uwanja wa nyasi wa Sannomaru, hulipii kitu, kaa hapo unywe maji uiangalie ngome kwa raha zako, picha nzuri ziko hapo hapo.

Ukishuka usikimbilie stesheni. Ingia bustani ya Kokoen, iko jirani upande wa magharibi na tiketi ya pamoja na ngome inatoka nafuu kuliko kukata mbili. Mle kuna nyumba ya chai, unakaa chini kwenye mkeka unaletewa matcha (chai ya kijani ya unga) na kitu kitamu kidogo, na bwawa lenye samaki wa rangi. Wenye wazazi au watoto, hiyo msiiruke kabisa.