Namna ya kula muzuri mu restora hapa Goma (somo, na maswali yenu chini)

Jambo wote. Leo naleta somo juu ya kula mu restora, sababu wengi wetu ku midi hatuko nyumbani, mutu anatoka Ndosho asubuhi na mapema anafanya kazi mu centre mupaka jioni, chakula ya nyumbani inabaki paka ile ya usiku. Miye nimekula restora karibu kila siku miaka munane, na siku moja munganga alinipima tansio, akaangalia mashini mara mbili, akaniuliza "unakulaka wapi?" Hakuuliza nakula nini. Aliuliza wapi.

Nilipoanza kufatilia sahani yangu nikaona chakula yetu yenyewe haina makosa. Maharagwe, sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), sambaza (samaki ndogo za ziwa), ndizi, yote ni muzuri. Tatizo ni mafuta, chumvi ya kube (vile vidonge vya kutia ladha mu mchuzi), na ile sukre (soda) tunaweka pembeni bila kufikiri. Na hizo unaweza kuzipunguza bila kubadilisha restora.

Hatua ya 1. Usifike na njaa ya kufa. Saa ine kula ndizi mbivu ao nusu ya avoka, kunywa maji. Ukifika unatetemeka, njaa njo inaagiza, si weye.

Hatua ya 2. Ongea mbele chakula haijafika ku moto. Hapa njo pa muhimu. Mu restora zetu ndogo kuko vitu vimeshapikwa tangu asubuhi, sombe, maharagwe, nyama ya mchuzi, ile ukifika imeisha fanywa, hata ulalamike namna gani mafuta haitatoka. Lakini kuko vitu banafanya saa unaagiza: samaki, mayai, brosheti. Nguvu yako peleka kule. Sema "mama, samaki yangu uichome, usiikaange, na kube usiniwekee, chumvi nitaweka miye mwenyewe." OMS (shirika la afya la dunia) inasema mutu muzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko moja ya chai kwa chakula yote ya siku, na kube sehemu kubwa yake ni chumvi, ukiweka mbili mu mchuzi halafu na chumvi juu yake, fanya hesabu.

Na kwa ile imeshapikwa kuko mayele: mawese inapandaka juu ya chungu. Omba akuchotee ya chini, asichukue ile nyekundu yenye inaogelea. Kijiko moja ya kula ya mafuta ni kalori karibu 120, na kuko sahani zenye ukiinamisha kidogo unaweza kupata vijiko vitatu. Mara ya kwanza mama mupishi atakuangalia kama mutu wa maringo. Rudia pale pale siku tatu ine, ya tano atakufanyia bila kuuliza.

Hatua ya 3. Bugali nusu, mboga mara mbili. Bei haitashuka, usigombane na mutu, omba tu aongeze lengalenga. Nusu ya sahani ikuwe mboga, robo bugali, robo nyama ao samaki ao maharagwe. Kama kuko sambaza ya mchuzi wa tomati, chukua hiyo mbele ya ile ya kukaanga. Unaikula na kichwa na mifupa yake, kalsiamu iko mule. (Watu banafikiri sambaza ni ya ziwa Kivu tangu dunia iumbwe, kumbe baliileta toka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950.)

Hatua ya 4. Sukre. Chupa ya kola ya cl 33 iko na gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. OMS inapenda tubaki chini ya 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Kunywa maji. Pombe nayo ni kalori, mutajua weye na roho yako.

Hatua ya 5. Usafi. Kama pa kunawa mikono hapako, acha saladi mbichi na mayoneze yenye imelala ku jua, kula kitu ya moto yenye inatoka moshi. Hapa tunajua kolera ni nini, sitasema mingi.

MASWALI

Mama wa Katindo: Niko na ugonjwa wa sukari. Bugali ya muhogo ao ya mahindi?
Jibu: Mama, zote mbili ni wanga, chenye kinaangaliwa ni ukubwa. Chukua kidogo, ukule na maharagwe na mboga ili sukari isipande haraka. Na kama uko ku insulini ao dawa zenye zinashusha sukari, usiruke chakula ya midi eti unajikaza, inaweza kushuka ukaanguka. Kipimo chako ongea na munganga wako.

Kijana wa Majengo: Mawese munaisema vibaya bure, nyanya yangu ameikula mupaka miaka 90!
Jibu: Nyanya yako alikuwa analima na kutembea na miguu, weye uko juu ya pikipiki tangu asubuhi 😄 Mawese nyekundu iko na kitu mwili inageuza vitamini A, ni kweli, lakini ukiichoma mupaka inakuwa nyeupe hiyo inapotea, inabaki mafuta tu, na karibu nusu yake ni ile inapandishaka kolesteroli. Kidogo, na usiiunguze.

Mwalimu wa Himbi: Na chai kisha kula?
Jibu: Ngojea saa moja hivi. Chai inazuia mwili kuchukua chuma ya maharagwe na sombe. Limau kinyume, inasaidia.

Mupishi wa Birere: Miye niko na restora. Munakujaka munasema "bila mafuta, bila kube", halafu munaonja munasema haina ladha, munahamia kwa jirani. Tufanye nini?
Jibu: Hapo umetupata mama. Jaribu kitunguu mingi, tomati iive muzuri, pilipili, limau ku mwisho. Uko upande gani, nikuje kesho nionje?
Mupishi wa Birere: Kuja, lakini mbele ya saa sita. Kisha hapo lengalenga inaishaka, inabaki paka frite ya viazi.