Somo: Kuchunguza mafuriko ya Jangwani kwa jicho la sosholojia

Mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam yaliua watu takriban 40. Serikali iliwapa waathirika wa bonde la Mto Msimbazi, Jangwani ikiwamo, viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji, lakini baadhi wakarudi bondeni. Kusema "wabishi hao" ni lawama, si matokeo ya utafiti.

1. Geuza lawama iwe swali. Nani ananufaika kwa kubaki, na gharama ya kuhama inamwangukia nani? Hapo mwenye nyumba na mpangaji wanaachana njia.

2. Vibali. Barua ya chuo, wilaya, kata, kisha mtendaji wa mtaa. Mjumbe akutambulishe tu. Akikuchagulia wa kuhojiwa, utazungushwa kwa jamaa zake.

3. Sampuli. Kwa shahada ya kwanza, kaya 60 ni mzigo unaobebeka. Chukua kila nyumba ya tano. Nyumba moja yaweza kuwa na vyumba sita na kaya tano, kwa hiyo ziandike kaya kwenye vikaratasi, vikunje, kiokotwe kimoja. Ukihoji waliokaa barazani tu, utaondoka na maoni ya wenye nyumba. Wapangaji wengi mchana wako kwenye vibarua. Rudi jioni au Jumapili.

4. Dodoso. Lisizidi dakika 30, na lijaribishe kwa watu watano kwanza. Uliza yaliyotendeka: "Maji yalipoingia mara ya mwisho, ulilala wapi? Godoro ulihifadhi kwa nani? Nauli ya kazini kwa siku ni shilingi ngapi?" Swali la "kwa nini huhami?" liache. Tangu bomoabomoa ya nyumba za bondeni iliyoanza Desemba 2015, mgeni mwenye kalamu anaweza kudhaniwa amekuja kupiga X ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa.

5. Pima suluhisho. Kuhamisha watu, kuondoa mchanga uliojaa mtoni, kuzuia ujenzi: kila moja lipitishe kwa mwenye nyumba, mpangaji na mchuuzi, uone nani anapoteza kipato.

Maswali yanayoulizwa

*Wanaohojiwa wakidai posho je?*
Sema mapema kwamba hakuna malipo. Ukimlipa mmoja, jirani yake atakupa majibu anayodhani unayataka.

*Naweza kusambaza dodoso WhatsApp?*
Kama nyongeza tu. Bibi asiye na simu janja ndiye pengine anayekumbuka mafuriko mengi zaidi.

*Kaya 42 kati ya 60 zikitoa jibu moja, niandike "asilimia 70 ya wakazi wa Msimbazi"?*
Hapana. Andika "kaya 42 kati ya 60 zilizohojiwa", na utaje mitaa uliyofika.