Somo: Kutunza tangi kongwe la samaki wa Tanganyika lililojaa ukoo

Somo hili ni la mtu ambaye tangi lake limeshatulia kwa miaka. Mawe yameota mwani, samaki wamezaliana hadi hujui yupi mtoto wa yupi, na ukipita sebuleni hulikumbuki tena kwa sababu linajiendesha. Kuanzisha tangi kila mtu ataeleza. Kulitunza likishazeeka ndiko watu wanakonyamaza, na ndiko samaki wengi wanakofia.

Hapa Kigoma nimeitwa kwenye nyumba kadhaa kuangalia tangi lililokufa lote kwa pamoja, na maelezo karibu yote yanafanana: jana lilikuwa zima, nikalisafisha vizuri, nikajaza maji mapya, asubuhi wote wanaelea. Huo usafi ndio uliowaua. Tangi kongwe halifuliwi. Linaguswa kidogo kidogo, kwa ratiba, mwaka mzima.

Tuanze na sababu, maana ukiielewa hatua zote zitakaa sawa kichwani.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni makali kwa upande wa ualkali. pH yake, yaani kipimo cha asidi na ualkali ambacho 7 ndiyo katikati, huwa kati ya 8.6 na 9.2, yana bikaboneti nyingi, ile chumvi inayozuia pH isianguke, na magnesiamu imezidi kalisi. Siklidi wa humu, samaki jamaa za kuhe na sato, ni spishi zaidi ya 200 na karibu wote hawapatikani kwingine duniani, kwa hiyo miili yao imeumbwa kwa maji hayo. Sasa ndani ya tangi, samaki wanatoa amonia. Bakteria walioko kwenye kichujio na juu ya mawe wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitreti. Kazi hiyo inakula ualkali: kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inamaliza miligramu 7 hivi. Usipobadilisha maji, pH inashuka polepole na samaki wanazoea, wala hutaona dalili. Ikishuka sana, karibu na 6.5, bakteria wanalegea na amonia inaanza kujikusanya. Lakini haiui. Kwenye pH 7, sehemu ya amonia yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Iliyobaki iko katika umbo la amoniamu lisilo na makali.

Halafu siku moja unamwaga ndoo kumi za maji ya ziwa yenye pH 9. Amonia ileile iliyokuwa imelala inageuka palepale, na zaidi ya theluthi yake inakuwa sumu kamili. Hukuongeza amonia hata tone. Ulichobadilisha ni maji ambamo ilikuwa imetulia.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujagusa chochote

Pima pH, amonia na nitreti ya tangi. Kisha pima pH ya maji unayotaka kuweka. Ni kipimo hiki cha pili ambacho watu wanakiruka, na ndicho chenye thamani zaidi. Kama tofauti ni ndogo na amonia ni sifuri, endelea kwa amani. Kama tangi lina 7.2 na maji mapya yana 9, au amonia inaonekana hata kidogo, acha kulisha siku mbili tatu na uende kwa mwendo wa kinyonga katika hatua inayofuata. Pima asubuhi. Mwani ukipigwa na mwanga mchana kutwa hupandisha pH, na kipimo cha jioni kitakudanganya.

Hatua ya pili: maji

Tangi lenye afya: asilimia 10 hadi 15 kila wiki. Nitreti ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na ukiweza 20 ni bora. Tangi lililoachwa muda mrefu: asilimia 5 tu kwa siku, ukipima amonia na pH kila siku, hadi vipimo vya ndani na nje vikaribiane. Inaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Usiharakishe, hata kama maji yana rangi ya chai.

Maji ya bomba yakae kwenye chombo kilicho wazi, pampu ya hewa ikipuliza ndani, kwa saa 24 ili klorini itoke. Joto lilingane. Juni na Julai usiku wa Kigoma una baridi, na maji yaliyolala nje kwenye simtanki yanaweza kuwa chini ya ya tangi kwa nyuzi nne au tano. Yachanganye kwanza.

Anayetumia maji ya mvua, na najua wa Mwanga na Gungu wapo wengi, akumbuke kwamba mvua haina bikaboneti kabisa. Ukiongeza mvua kila wiki, unaharakisha hilohilo anguko la pH nililoeleza juu.

Na usivute mpira wa kunyonyea maji kwa mdomo. Ujaze maji kwenye bomba, uzibe ncha kwa kidole, uachie kwenye ndoo.

Hatua ya tatu: mchanga na mawe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tangi kongwe linapotofautiana na tangi jipya.

Chini ya mawe makubwa kinyesi na mabaki ya chakula hujikusanya mahali ambapo maji hayatembei. Oksijeni inaisha, mchanga unakuwa mweusi, na ukiuchokonoa unatoa mapovu yenye harufu ya yai viza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, na ni sumu kali kwa samaki. Ziwa lenyewe linayo: kina chake kinafika mita 1,470, lakini chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni, gesi hiyo imejaa, na samaki hawaishi. Upepo wa kusi wa Mei hadi Septemba huyasogeza maji ya juu na kuchanganya sehemu yake, lakini kule chini kabisa hakuguswi. Nyumbani huna kilindi cha kuificha gesi. Kwa hiyo mchanga usizidi sentimita 3 au 4, na sehemu nyeusi usiifumue kwa vidole. Shusha mdomo wa mpira juu yake na uinyonye itoke moja kwa moja hadi kwenye ndoo.

Gawa sakafu ya tangi mafungu manne. Wiki hii fungu la kwanza, wiki ijayo la pili. Mwezi ukiisha umezunguka lote na hakuna siku uliyolichafua kwa pamoja.

Mawe yabaki yalipo. Nasisitiza kwa wenye Neolamprologus brichardi. Samaki hawa wanaishi kwa ukoo: jozi inayotaga, na watoto wakubwa wanaobaki kulinda mayai na wadogo zao. Kaa mbele ya tangi kwa utulivu utawaona wale vijana wakibeba mchanga mdomoni, mdomo mmoja mmoja, wakiutoa chini ya jiwe na kuutema mbali. Kila ufa una mwenyewe. Ukipanga mawe upya umefuta mipaka yote, na usiku huo watapigana hadi kuuana. Ikibidi kuinua jiwe, liinue taratibu na ulishikilie juu ya uso wa maji ya tangi kwa dakika nzima. Watoto wenye urefu wa punje ya mchele hujificha kwenye vitundu vyake na huchelewa kutoka.

Wanaofuga wakaa-magamba wafanye vivyo hivyo. Yale magamba ya konokono Neothauma hawa samaki huyazika wenyewe hadi mdomo wa gamba uwe sawa na mchanga. Nyonya uchafu pembeni, gamba usiligeuze.

Kioo cha mbele safisha utakavyo. Mwani wa mawe ya nyuma uache. Kwa siklidi wala-mwani aina ya Tropheus hicho ndicho chakula, wanakwangua kutwa.

Hatua ya nne: kichujio

Sponji ioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi hilohilo. Chini ya bomba kamwe, klorini inaua bakteria. Ukiwa na sponji mbili osha moja, nyingine baada ya wiki mbili. Usioshe kichujio siku uliyonyonya mchanga.

Hatua ya tano: kupunguza ukoo

Watu hawaipendi hatua hii na ninawaelewa. Lakini jozi moja ya brichardi, ikiachwa, itajaza tangi la lita 300, na wingi wa samaki ndio unaozalisha amonia yote tunayoihangaikia. Toa vijana wa ukubwa wa kati, kundi zima kwa mara moja, uache jozi na wasaidizi wachache. Uliyemtoa usimrudishe: akikaa nje siku kadhaa, wenzake hawamtambui tena kama ndugu na watamshambulia.

Tropheus ni tofauti. Wao hubeba mayai mdomoni, machache tu, kwa hiyo hawajazi tangi haraka. Tatizo lao ni ubabe. Kundi likiwa kubwa ugomvi unagawanyika, likiwa la samaki watano mmoja atauawa. Wasipunguzwe chini ya kumi na tano hivi.

Chakula sitaongea sana. Kidogo, mara mbili kwa siku, kiishe ndani ya dakika mbili. Tropheus wapewe vya majani, spirulina au mchicha uliochemshwa kidogo. Dagaa wa kusagwa wasipewe, tumbo litavimba.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Ujiji: Shikamoo mwalimu. Nataka kuongeza mawe na konokono kutoka ufukweni karibu na nyumbani. Niyaoshe kwa kitu gani?

Marahaba. Mawe yakaushe juani siku kadhaa, inatosha. Usiyachemshe, jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka. Magamba matupu unaweza kuyachemsha. Konokono hai wa ufukweni nakukataza kabisa. Wale wadogo bapa waliojizungusha kama sarafu hubeba kichocho. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono vinakufa vyenyewe ndani ya siku mbili hivi, ndiyo maana maji ya ziwa nayo yakae saa 48 kwenye pipa kabla hujatia mkono. Lakini konokono mwenye maambukizi akiwa ndani ya tangi anaendelea kuvitoa kwa wiki nyingi, nawe unaingiza mkono humo kila Jumamosi.

Swali kutoka Tabora: Kaka, huku hatuna ziwa lenu. Tunatumia maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria. Tangi langu lina miaka mingi na pH ni 7.4. Nifanyeje?

Maji ya Victoria ni laini, ualkali wake ni mdogo sana ukilinganisha na Tanganyika. Tumia bikaboneti ya sodiamu, ile ya unga ya kuokea keki. Gramu 6, yaani kijiko kimoja cha chai, katika lita 50 hupandisha ugumu wa kaboneti, yaani kipimo cha bikaboneti iliyomo majini, kwa digrii 4. Ziwa letu lina digrii 16 hadi 18, lakini samaki waliozaliwa ndani ya tangi wanaishi vizuri kwenye pH 8 hadi 8.5, huna haja ya kufika huko. Ongeza na chumvi ya Epsom gramu 10 kwa lita hizo 50, kwa ajili ya magnesiamu. Koroga vyote kwenye pipa, usimwage unga ndani ya tangi. Na kwa kuwa unaanzia 7.4, pima amonia kwanza, kisha nenda kwa asilimia 5 kwa siku. Angalizo moja: magadi ya kuchemshia maharage si kitu kilekile. Yana kaboneti nyingi na yatarusha pH juu kupita kiasi.

Swali kutoka Mwanga: Umeme ukikatika usiku kucha nifanye nini? Nina kichujio cha nje cha kopo lililofungwa.

Dada yangu, acha kulisha papo hapo. Weka pampu ya hewa ya betri. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, mara nyingi uwezavyo, maana tangi lililojaa linamaliza oksijeni haraka, hasa Septemba na Oktoba maji yakiwa ya moto. Na kichujio cha kopo: bakteria waliomo hukosa hewa ndani ya saa chache, wakaanza kufa na kuoza. Umeme ukirudi usikiwashe. Kifungue, mwaga yale maji, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Ukikiwasha hivyohivyo kinapuliza uozo wote juu ya samaki.

Swali kutoka Katubuka: Vijana niliowatoa, si niwarudishe tu ziwani? Ziwa liko hapo chini.

Usiwarudishe, ndugu yangu. Tropheus wana rangi tofauti karibu kila mwambao, na wametengana hivyo kwa muda mrefu sana kwa sababu hawavuki mchanga wala maji ya kina. Ukimwaga wa mwambao mwingine hapa Katonga au Bangwe umechanganya damu ambazo hazikuwahi kukutana, na ugonjwa wowote wa ndani ya tangi umeupeleka ziwani. Wape wafugaji wengine. Ukitaka kuwafanyia biashara, au kuvua wengine, anza na ofisa uvuvi wa halmashauri. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka leseni.

Swali kutoka Kibirizi: Nimeona picha za matangi ya matumbawe, yanapendeza sana. Naweza kuweka tumbawe moja kwenye tangi langu la siklidi?

Hapana. Matumbawe ni wanyama wa bahari, wanahitaji chumvi gramu 35 kwa lita. Kwenye maji yetu watakufa, na watachafua tangi wakioza. Ukitaka kitu kinachoota juu ya jiwe, funga mmea wa Anubias kwa uzi kwenye jiwe lenye kivuli. Jani lake ni gumu, siklidi wengi hawaligusi, na mizizi itashika jiwe yenyewe baada ya miezi michache, ndipo uukate uzi.